Moroto: Difu ya Mbele Yafunguliwa Uani

Mji wa Moroto umo kaskazini mashariki ya Uganda, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, si mbali na mpaka wa Kenya. Upande wake wa mashariki umesimama Mlima Moroto wenye kimo cha mita 3,083, na kila asubuhi kivuli cha mlima huo hukaa juu ya mabati ya mji kabla jua halijapanda. Msafiri atokaye Soroti huuona mlima ule tangu akiwa mbali sana, kwa maana nchi ya Karamoja ni tambarare ya nyasi na miti ya miiba, na milima yake mikubwa, yaani Moroto, Napak na Kadam, imechomoza mmoja mmoja mfano wa visiwa baharini.

Sehemu moja ya mji huo huitwa Camp Swahili. Jina hilo latosha kumweleza mgeni kwamba lugha hii ilifika huku zamani, ikiletwa na wafanya biashara wa pembe na baadaye na askari. Hata leo, mtu akipita katika vichochoro vyake jioni, atasikia Kiswahili kikichanganyika na Ng'akarimojong na Ateso, na atawakuta wazee waliowahi kuvaa sare wakiitana “afande” ingawa sare zenyewe zimekwisha kurudishwa ghalani. Nyumba nyingi zina ua, na katika ua wa mmoja wa wazee hao, sajini mstaafu wa polisi, lilisimama kwa muda wa wiki tatu gari aina ya Land Cruiser likiwa halina magurudumu ya mbele.

Gari la namna hiyo askari wengi hulijua vizuri. Mtindo wake wa namba 70 ulianza kutengenezwa mwaka 1984, na injini yake ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iitwayo 1HZ, ilifuata mwaka 1990. Halina mapambo. Ekseli yake ya mbele ni bomba zima la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na ndani ya bomba hilo limo bonge la gia ambalo mafundi wa Afrika ya Mashariki huliita difu. Kazi ya difu ni mbili. Kwanza hupokea mzunguko wa shafti itokayo kwenye giaboksi na kuugeuza uelekee kwenye magurudumu ya kulia na kushoto. Pili huyaruhusu magurudumu hayo mawili yazunguke kwa mwendo tofauti gari likatapo kona, maana gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani.

Kwa nini difu ya mbele ife katika mji kama Moroto? Jibu la kwanza limo katika mito. Mito ya Karamoja, kama vile Omaniman, ni mito ya mchanga. Miezi mingi haina maji ya kuonekana, na wanawake huchimba visima katika mchanga huo ili kujaza madumu yao. Lakini mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka kwa ghafla yakiwa mekundu na yenye magogo, na mahali palipovukwa kwa miguu asubuhi huenda pasivukike adhuhuri. Dereva mwenye haraka huingia. Difu yake imekwisha kupata moto kwa safari. Hewa iliyomo ndani imetanuka. Ikizama katika maji baridi hewa ile husinyaa mara moja na kuvuta, na kama kitundu cha kupumulia kiko chini au kimeziba, maji hupenya katika sili na kuingia ndani. Dereva huvuka salama, hushukuru Mungu, na huendelea na safari akiwa amebeba maji ndani ya oili kwa miezi mingi.

Jibu la pili watu wachache hulifikiri. Katika miaka ya karibuni barabara ya lami imefika Moroto kutoka Soroti, na kila mtu ameifurahia, kwa haki kabisa. Wakati wa udongo mweusi safari hiyo katika mvua ilikuwa adhabu. Basi dereva hutoka vijijini, gari likiwa limetiwa gia ya magurudumu manne ili kushinda tope, huipanda lami, na kwa kuwa gari sasa linakwenda vizuri husahau kuitoa gia hiyo. Katika gari la aina hii shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kuzunguka sawasawa. Juu ya tope haidhuru, kwa sababu gurudumu lililobanwa litateleza kidogo na kupumua. Juu ya lami kavu gurudumu haliwezi kuteleza, na mvutano wote huishia katika meno ya gia. Lami imeondoa ugonjwa mmoja ikaleta mwingine, na mwingine huo hauonekani mpaka siku ya kilio.

Gari la sajini lilikuwa na magonjwa yote mawili. Mwenye gari alianza kusikia mvumo chini ya miguu yake, ukipanda na kushuka kadiri ya mwendo. Baadaye katika viungo vya magurudumu ya mbele, pale penye mpira mkubwa wa chuma, ulianza kutoka uji mwepesi wa rangi nyeusi. Uji huo ni dalili inayojulikana: sili ya ndani imekufa, oili ya difu imetoka na kuyeyusha grisi ya kiungo. Kizibo cha chini kilipofunguliwa, oili ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu ya sumaku ya kizibo zilikuwa zimekamata chenga za chuma, moja ikiwa na umbo kamili la ncha ya jino.

Hapo ndipo nyumba iliposhikwa na hofu. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lao. Mke wa sajini hununua mahindi huko Namalu, chini ya Mlima Kadam, ambako udongo una rutuba kuliko sehemu nyingi za Karamoja, na huyauza katika soko la Moroto. Karo za watoto wawili hutoka katika magunia hayo. Usiku, jirani akipatwa na uchungu wa uzazi au mtoto akishikwa na degedege, mlango unaobishwa ni ule ule, na gari huelekea hospitali ya mji. Kulipeleka Kampala juu ya lori kungegharimu fedha nyingi, na kulitengeneza huko kungegharimu tena.

Sajini alifikiri kuuza maksai wawili. Mkewe hakukubali.

“Mzee, maksai ukiwauza leo, mwezi wa nne utalima kwa kucha?”

“Sasa Mama, gari litatembea kwa magurudumu mawili hadi lini?”

“Yuko fundi hapa hapa kambini. Mwite. Wewe ukae umshikie taa.”

Fundi huyo alikuwa jirani, naye mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya jeshi. Alikubali kwa masharti matatu: ua ufagiliwe na kumwagiwa maji ili vumbi lisipande, watoto wasiguse kitu chochote kilichowekwa juu ya turubai, na kazi isimamishwe kila jua likizama, hata kama imebaki nati moja. Masharti hayo yaonekana madogo, lakini punje moja ya mchanga katika beringi mpya huweza kuharibu kazi ya mwezi.

Gari lilipandishwa kwa jeki, kisha likateremshwa juu ya magogo mazito ya mbao. Fundi hakumruhusu mtu hata mmoja kutia kichwa chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Watu wamekufa katika nyua zao kwa kuamini jeki. Habu zilifunguliwa, beringi za magurudumu zikatoka, breki zikatundikwa kwa waya ili mipira yake isivutwe na uzito. Shafti mbili za ndani zikavutwa nje kama mtu achomoavyo mkuki katika ala. Shafti ya kutoka giaboksi ilitiwa alama ya rangi kabla ya kufunguliwa, irudi kama ilivyokuwa. Ndipo difu yenyewe ikatolewa, wanaume wawili wakiikumbatia, na kuwekwa juu ya meza iliyokuwa ya kupigia pasi.

Msomaji asiyewahi kuiona difu ikiwa wazi na afikirie gia mbili. Moja ni kubwa na ya duara kama sinia, huitwa krauni. Nyingine ni ndogo yenye shina, huitwa pinyoni. Pinyoni huizungusha krauni. Gia hizi huzaliwa pamoja: kiwandani husagwa zikiwa zimekutana, kisha hupigwa namba moja, na haifai kuoa krauni ya huku kwa pinyoni ya kule. Katika gari la sajini krauni ilikuwa na meno 41 na pinyoni meno 10. Ukigawa, utapata 4.1, yaani shafti huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno matatu ya krauni yalikuwa yamevunjika ncha, na beringi zote zilikuwa na madoa ya kutu.

Hesabu hiyo ya meno fundi aliiandika kwa chaki ukutani, akamwamuru kijana wa sajini, aliyekuwa akijifunza ufundi, aikariri kabla ya kupanda basi la kwenda Kampala.

Katika Kampala vipuri vya magari hutafutwa Kisekka, soko lililo karibu na barabara ya Nakivubo na lililopewa jina la Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 1986 hadi 1991. Palipokuwa pamejaa vibanda sasa pamesimama maghorofa, lakini biashara ni ile ile: injini zimening'inia, milango imepangwa kama vitabu, na kila kijana humwita mpita njia “boss” na kuapa kwamba anacho kitu kile kile. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, wenye magari ya zamani wana sababu kubwa ya kuyatunza yaliyopo, na vipuri vyake vina soko.

Kijana alionyeshwa difu safi, iliyooshwa kwa petroli hata ikang'aa. Bei yake ilikuwa nzuri. Muuzaji alisema ni ya Land Cruiser, na kweli ilikuwa ya Land Cruiser. Kijana akachuchumaa akahesabu: krauni 43, pinyoni 11. Hiyo ni 3.9. Muuzaji alicheka akasema tofauti hiyo ni ndogo mno, hata dereva hataisikia. Kwa gari la magurudumu mawili maneno hayo yangekuwa na ukweli. Katika gari la magurudumu manne, difu ya nyuma ikidai 4.1 na ya mbele 3.9, magurudumu ya mbele hutaka kwenda mbele zaidi ya yale ya nyuma katika kila mzunguko, na mahali penye ardhi ngumu lazima kitu kivunjike. Kijana aliirudisha, akazunguka siku mbili nzima, hata akapata krauni na pinyoni zilizotumika, meno 41 na 10, namba zikilingana, meno yasiyo na kovu. Beringi, sili na bomba dogo la kusinyaa alivinunua vipya. Hapo alifanya vema. Gia iliyotumika yaweza kuaminiwa ikichunguzwa, lakini sili iliyotumika ni takataka.

Kazi ya kuunganisha ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa haidai nguvu bali vipimo. Vifuniko viwili vya beringi za krauni vilikuwa vimetiwa alama kwa ngumi ya chuma tangu mwanzo, nukta moja upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, kwa sababu kila kimoja kimechongwa mahali pake na hakikubali kubadilishwa. Nyuma ya kichwa cha pinyoni hukaa shimu, pete nyembamba ya chuma, na unene wa shimu hiyo ndio unaoamua pinyoni iingie ndani kiasi gani. Fundi alianza na shimu ya zamani. Ili asiharibu beringi mpya kwa kuipachika na kuing'oa kila mara, alichukua beringi ya zamani, akaipanua tundu lake kwa msasa mpaka ikawa inaingia na kutoka kwa mkono, akaitumia kwa majaribio.

Kisha alipaka meno ya krauni rangi ya mafuta, akazungusha pinyoni huku kijana akiizuia krauni kwa kipande cha mbao. Alama ya mgusano ikatokea juu mno, karibu na ncha za meno. Maana yake pinyoni ilikuwa mbali. Ikatolewa, ikatiwa shimu nene zaidi, ikajaribiwa tena. Mara ya nne alama ilikaa katikati ya jino, ndefu kiasi, bila kugusa kingo. Siku nzima ilikwisha katika jambo hilo moja, na sajini, ambaye maisha yake yote alizoea amri kutekelezwa papo hapo, alianza kuzunguka meza.

“Afande,” fundi akamwambia, “keti. Hii haiogopi cheo.”

Beringi mpya ya pinyoni ilipachikwa kwa moto. Ilitumbukizwa katika oili iliyopashwa juu ya jiko la makaa, si hata ikatoa moshi, bali hadi ikatanuka kidogo, kisha ikashikwa kwa koleo na kusukumwa mahali pake kabla haijapoa. Sufuria iliyotumika haikuwa ya jikoni. Mama mwenye nyumba alikuwa amelisema jambo hilo mapema na kwa sauti ya kusikika.

Bomba la kusinyaa hutiwa mwisho. Nati ya pinyoni ikikazwa, bomba hilo hujikunja kidogo na kuzishika beringi kwa mkazo unaotakiwa. Likikunjwa kupita kiasi halirudi. Kulegeza nati si dawa, lazima litiwe jipya. Kwa hiyo hukazwa kidogo, hupimwa, hukazwa tena. Karakana kubwa zina spana maalumu ya kupimia. Ua wa Camp Swahili ulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile wanayotumia wauza samaki. Fundi alizungusha uzi katika duara la pinyoni, akauvuta kwa mizani, akasoma uzito wakati pinyoni inazunguka, akauzidisha kwa nusu ya kipenyo cha duara. Kwa mfano, kitabu cha gari kikitaka kilo-sentimita 12, na nusu kipenyo ni sentimita 5, basi mizani isome kilo 2 na sehemu 4 za kumi. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, na inashangaza kuona ni mafundi wangapi hukaza kwa kukisia huku mizani ya samaki ikiuzwa kila soko.

Mwanya kati ya krauni na pinyoni ulipimwa kwa saa ndogo ya kupimia iliyoazimwa. Mwanya huo ni sehemu chache tu za kumi ya milimita, unene wa karatasi moja na nusu ya daftari. Ukiwa mdogo gia huungua, ukiwa mkubwa hugonga. Mwisho alama ya rangi ilijaribiwa tena, beringi mpya zikiwa ndani, na ikakaa pale pale.

Kurudisha difu katika ekseli kulikwenda upesi. Sili mpya zilitiwa, viungo vya magurudumu vikaoshwa na kujazwa grisi nyeusi ya molibdeni, gasketi ikakatwa kwa kugongagonga karatasi yake kwa nyundo ndogo. Kitundu cha kupumulia kiliungwa mpira mrefu uliopandishwa hadi juu ya injini, karibu na betri, na katika kazi yote hiyo hicho ndicho kitu kilichogharimu kidogo kabisa. Gari lisingekuja kufunguliwa kama mpira huo ungaliwekwa tangu awali. Oili iliyotiwa ilikuwa ya namba 90 ifaayo gia za namna hiyo. Oili chafu haikumwagwa. Jirani mmoja aliichukua kupaka nguzo za ua wake, kwa sababu ya mchwa.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi, hadi nje ya mji na kurudi, fundi akiwa amekaa kando ya dereva na kutega sikio. Kisha gari lilielekea Namalu. Katika safari ya tatu mvua ilikuwa imenyesha, na mahali pa kuvuka palikuwa na maji ya kufika katikati ya magurudumu. Kijana alisimamisha gari kandokando. Akashuka, akafunga habu zote mbili, akaliacha gari lipoe hata mama yake akachoka kusubiri juu ya magunia, akapita polepole. Ng'ambo, pale njia ilipokuwa ngumu tena, alitoa gia ya magurudumu manne bila kukumbushwa.

Baada ya kilomita 500 fundi aliitisha oili imwagwe, ingawa ilikuwa bado mpya. Ilitoka safi, bila rangi ya maziwa. Juu ya sumaku ya kizibo palikuwa na unga mweusi mwembamba kama masizi, ambao huonekana kila gia zinapozoeana na mahali papya. Kijana aliusugua katikati ya vidole, akitafuta chenga, asizione. Mama yake alitazama kizibo, akatazama vidole vya mwanawe, akauliza kama gari litaweza kuondoka alfajiri, maana huko Namalu magunia 14 yalikuwa yamekwisha kushonwa.